Mkunga wa Nagaura na mimba ya miezi arobaini na miwili

Kipaza sauti cha kijiji hakijapiga wimbo wake wa saa moja asubuhi, na tayari Serizawa Fusae yuko mlangoni anavua viatu. Anatia miguu katika ndara za plastiki, anafunga kitambaa kichwani, anausukuma kwa bega mlango mzito uliozungushiwa mpira ili mwanga usipenye. Ndani ni giza, na baridi ni ileile ya Januari aliyoiacha nje. Taa moja tu inawaka, nyekundu, hafifu, kama kaa la jiko linalokaribia kufa.

"Umeamkaje leo?" anauliza.

Anayeulizwa ana urefu wa sentimita ishirini na tisa na amelala ndani ya tangi la kioo, mwembamba kama mkunga wa baharini, ameunganishwa kwa kitovu chembamba na kiini cha yai chenye ukubwa wa chungwa. Anatikisa mkia mara moja, polepole, kisha anatulia.

Fusae anasoma kipimajoto. "Nyuzi kumi na moja," anatamka, kama muuguzi anayemsomea daktari, ingawa daktari hayupo. Anavaa miwani, anainama, anasoma tena. Bado kumi na moja. Ndipo anaandika kwenye daftari.

Pembeni kuna tangi jingine, pacha wa hilo. Limekauka. Mashine yake ya kupoza maji imezimwa na mtu ameweka juu yake boksi la glavu. Fusae akitaka kufika kwenye sinki huzunguka meza nzima ili asipite upande huo.

Ana miaka sitini na saba. Kwa miaka thelathini na minane alikuwa mkunga wa Nagaura, kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya mlima na Ghuba ya Suruga, mahali ambapo bahari inashuka mita mia tano kabla mvuvi hajamaliza sigara yake ya kwanza. Amepokea watoto 611. Wana wa nahodha, karani wa posta, mwenye duka la tofu ya soya, hata mtawa wa hekalu la juu, wote walipita mikononi mwake, na hakuna anayethubutu kumletea maringo, maana atakumbushwa alivyotoka, kichwa au matako.

Nagaura ilikuwa na desturi yake. Mtoto akishazaliwa, mkunga alishuka gatini moja kwa moja, akashika chaki, akaandika kwenye ubao wa ushirika wa wavuvi, chini ya mavuno ya siku hiyo. Kamba, kilo arobaini. Kaa miguu-mirefu, kumi na wawili. Mtoto wa kike, gramu 3,120. Mashua zikirudi watu walisoma, na chupa zikafunguliwa.

Mara ya mwisho Fusae kushika chaki ile ni miaka tisa iliyopita. Mtoto yule anaitwa Mitsuki, na kila asubuhi anapanda peke yake basi la shule linalovuka kilima. Shule ya Nagaura siku hizi inahifadhi nyavu.

"Watu hawajaacha kupendana," Fusae anasema. "Wameacha kubaki."

Mumewe alifariki kwa kiharusi miaka sita iliyopita. Binti yake wa pekee, Chinatsu, mwenye miaka arobaini na mmoja, yuko Nagoya na humpigia simu kila Jumapili. "Mama, chumba kipo. Unangoja nini huko?" Asubuhi Fusae anafanya kazi katika nyumba ndogo ya samaki wa kilindini iliyo chini ya halmashauri ya mji, saa nne kwa siku, yeni 1,040 kwa saa. Alasiri anachambua samaki gatini. Vyote pamoja havizidi yeni laki moja na elfu thelathini kwa mwezi.

"Zinamtosha mtu mmoja na paka," anasema. "Na paka amekufa."

Habari ya papa ilianza Oktoba ya mwaka juzi. Mashua ya Nahodha Genzo, iitwayo Hisago Maru, ilirudi alasiri na wavu wa kukokota ukiwa na takataka nyingi kuliko samaki. Kati ya takataka hizo alilala rabuka, papa mwenye matamvua jozi sita yaliyoning'inia shingoni kama marinda ya gauni kuukuu. Urefu wake ulizidi mita moja na nusu, na kinywa chake kilijaa meno mia tatu, kila jino limechanua ncha tatu kama uma. Alikuwa ameshakufa. Rabuka akitolewa kilindini hakai. Wengi hawamalizi hata saa chache.

Wachambuzi walimsukuma pembeni kwa buti. Fusae akaweka chini kikapu chake, akavua glavu, akampapasa tumbo.

"Huyu ana mimba," akasema.

Gati zima likaangua kicheko. "Mkunga amekosa wateja," Nahodha Genzo akapaza sauti toka kwenye mashua, "sasa anapapasa samaki!"

"Wewe mwenyewe nilikupapasia mama yako nikiwa bado mwanafunzi?" Fusae akamjibu. "Hapana, maana nakushinda umri kwa siku mbili tu. Lakini wanao wote watatu nimewapapasa, na sikukosea hata mmoja. Mwiteni yule kijana wa samaki. Na mnipe kisu."

Kijana wa samaki ni Katsumata Haruki, mtaalamu wa viumbe, ambaye ana kwa ana huitwa Mwalimu, mwenye miaka thelathini na minne, mzaliwa wa milima ya Gifu ambako bahari watu huiona kwenye kalenda. Alikuja mbio na ndara za bafuni. Tumboni mwa rabuka mlikuwa na watoto wanne, kila mmoja na kiini chake cha yai. Wawili walikuwa wamekwisha. Wawili walijipinda polepole kiganjani mwa Fusae.

"Miaka yote ile sikuwahi kushika kisu, hiyo ni kazi ya daktari," anasema. "Siku hiyo nilikishika, nikapasua sawasawa."

Katsumata anamweleza rabuka kama mtu anayemsema ndugu yake mgumu. Hana mfupa hata mmoja mwilini, gegedu tupu. Hana kope, kwa hiyo hajawahi kufumba macho. Ini lake limejaa mafuta, nalo ndilo linalomfanya aelee kilindini asizame wala asipande. Anakula ngisi akiwapata, na mara nyingi hawapati. Wengi waliopasuliwa wamekutwa na tumbo tupu. Kizazi chake kimekuwapo tangu kabla milima ya ghuba hii haijasimama.

"Na mimba yake," Katsumata anasema, akinyoosha vidole vitatu na kimoja nusu, "inadhaniwa kuwa miaka mitatu na nusu. Mtoto anaongezeka sentimita moja na nusu kwa mwezi, haifiki. Hakuna mnyama mwenye uti wa mgongo tunayemjua anayebeba kwa muda huo."

Fusae aliposikia hayo alikaa kitako.

"Miezi arobaini na miwili," anasema. "Peke yake, gizani, tumbo tupu, hana wa kumwambia mgongo unauma. Nikasema, mimi huyu nitamtumikia."

Basi watoto wawili wakawekwa kila mmoja tangi lake, ndani ya maji yaliyochanganywa na Katsumata yafanane na yale ya tumboni mwa mama, ambayo si maji ya bahari. Mwanga hapana. Kelele hapana. Joto lisipande. Kazi ya Fusae ilikuwa kusoma, kuandika, kubadilisha maji kidogo kidogo, na kukaa. Alikaa miezi kumi na minne.

Wenzake gatini wakampa jina la Mkunga wa Papa, na kila alasiri wakauliza habari za wagonjwa. Suzue, mchambuzi mwenye miaka sabini na minne, ambaye ulimi wake unasafisha samaki kabla ya kisu, alitaka kujua kama watoto wanafanana na baba. "Baba yupi?" Fusae aliuliza. "Basi hata huko chini mambo ni hayohayo," Suzue akasema.

Mwezi uliopita, mwanzoni mwa Desemba, mtoto wa tangi la kwanza akafa.

Katsumata alipekua daftari. Joto, nyuzi kumi na moja kila siku, bila kuruka. Chakula si tatizo, kiini cha yai kilikuwa kikubwa bado. Aliandika "sababu haijulikani" na akakesha siku kadhaa akifikiri. Kama si joto, akajiambia, basi ni maji.

Hapo ndipo penye jambo ambalo Nagaura, kijiji ambacho ukikohoa jikoni jirani anabisha hodi na chungwa, hakikulijua kwa siku arobaini na moja. Fusae mwenyewe ametaka liandikwe, na ametaka tarakimu zake ziandikwe zilivyokuwa.

Kina mama wa huku, mimba ikifika mwezi wa tano, hufungwa mkanda wa tumbo. Hufungwa Siku ya Mbwa, inayorudi kila baada ya siku kumi na mbili, kwa kuwa mbwa huzaa wengi na huzaa kwa urahisi. Fusae amefunga mikanda hiyo kwa mamia. Akiwa peke yake mbele ya matangi, alipiga hesabu. Mama rabuka alikuwa na mimba ya kama miezi saba alipoopolewa. Ongeza kumi na minne. Ishirini na mmoja, nusu kamili ya arobaini na miwili. Kwa binadamu huo ndio mwezi wa tano.

Nyumbani alikuwa na mkanda mmoja tu, pamba nyeupe, mita nne na nusu, haujawahi kufungwa. Aliununua miaka kumi na miwili iliyopita kwa ajili ya Chinatsu. Mimba ile haikufika mwezi wa tano.

"Nikaona, mkanda umekaa kabatini bure," anasema. "Na siku ni Siku ya Mbwa. Saa kumi jioni, nilipotoka gatini, nikarudi nikaufunga kwenye tangi la kwanza. La pili nikasema litasubiri zamu yake baada ya siku kumi na mbili."

Asubuhi aliukuta mkanda umeteleza, umenyonywa ukagandamana kwenye wavu wa chuma ambako mashine ya kupoza huvutia hewa. Mashine ilikuwa inakoroma kwa kukosa pumzi. Kipimajoto kilisoma nyuzi kumi na saba.

Akaung'oa mkanda, akaukunja, akautia mkobani. Saa tano maji yalikuwa yamerudi kumi na moja. Katika daftari akaandika: 11.

Baada ya siku mbili mtoto aliacha kutikisa mkia.

"Sikuogopa kufukuzwa," Fusae anasema. "Niliogopa kuitwa mkunga aliyeua. Watoto 611, na sikuwahi kusababisha kifo hata kimoja. Waliokufa walikufa, lakini si kwa mkono wangu. Basi nikawa nakwenda gatini, naulizwa habari, natania, nacheka. Nikirudi nyumbani nawasha hita iliyo chini ya meza, nakula wali na figili, na mkanda uko pale kwenye mkoba unanitazama."

Jumanne ya wiki ya tatu ya Januari, saa tisa alasiri, wachambuzi wamezunguka meza ndefu ya bati. Ngisi huku, kamba huku, vijisamaki vya macho ya kijani kule. Mikono inakwenda yenyewe, midomo nayo.

"Mtoto wa mwenye duka la tofu amerudi toka Tokyo," Suzue anatangaza.

"Na mke?"

"Na mbwa."

Wanacheka. Katsumata anaingia, anainama kwa wote, anamsogelea Nahodha Genzo aliyeketi juu ya kreti akinywa chai.

"Nahodha, nina ombi. Kesho ukitoka, nichotee maji ya kina cha mita mia tatu. Lita mia mbili."

"Maji?" Nahodha anageuza kichwa polepole. "Nimevua ghuba hii miaka hamsini. Nimeombwa kaa, nimeombwa mkopo, nimeombwa binti. Maji sijaombwa."

"Ni kwa ajili ya mtoto aliyebaki. Alhamisi namhamishia kwenye maji ya bahari. Yale ninayochanganya mimi ndiyo yaliyomuua mwenzake, sina shaka tena. Nimeshawaandikia wenzangu wa vituo viwili."

"Haya, Mwalimu. Kilo ngapi kwa bei gani?"

Meza nzima inacheka tena. Mikono ya Fusae pekee ndiyo imesimama. Ameshika ngisi mmoja, wino unamchuruzika hadi kiwikoni.

"Mwezi wa tano," anasema kwa sauti ndogo. "Mtoto wa mwezi wa tano ukimtoa nje, hata hewa safi inamuua."

"Unasemaje, Mkunga?" Katsumata anauliza.

"Hajasema kitu, amemkamua ngisi wangu," Suzue anadakia. "Dada Fusae, huyo alikuwa wa kuuza!"

Kesho yake, Jumatano saa tatu asubuhi, Fusae anaingia katika chumba cha taa nyekundu akiwa na mkoba wake wa zamani wa ukunga, ule wa ngozi nyeusi. Katsumata yuko ndani, anaosha ndoo za kazi ya kesho. Fusae anaondoa boksi la glavu juu ya mashine iliyolala, anaiwasha, anangoja mpaka ingurume sawasawa. Anatoa mkanda mweupe, anaushika shubiri moja kutoka kwenye wavu wa chuma, anauachia.

Pap. Kitambaa kinagandamana. Ngurumo inageuka mkoromo.

Wawili hao wanautazama.

"Mwalimu," Fusae anasema, "Siku ya Mbwa ya mwezi jana niliufunga huu kwenye tangi la kwanza. Asubuhi niliukuta hapo."

"Kipimajoto kilisema ngapi?"

"Kumi na saba."

"Daftari linasema kumi na moja."

"Daftari nililiandika mimi."

Katsumata anaizima mashine. Mkanda unaanguka wenyewe sakafuni. Inabaki ile ya tangi la pili, ikimpumulia yule aliyebaki.

"Siku arobaini na moja, Mkunga," anasema. "Kila asubuhi nilikuuliza, na wewe ukanipa chai. Kesho ningemuua huyu kwa mikono yangu, huku nikijiona nina akili."

"Ndiyo."

"Ndiyo tu?"

"Niongeze nini?"

Anamsogezea daftari. Kwa hati za huku, kosa halifutwi. Hukatwa kwa mistari miwili ili lisomeke bado, jibu sahihi huandikwa kando, na mwenye kosa hugonga muhuri wa jina lake juu yake. Fusae anakata 11. Anaandika 17. Anatoa kijimuhuri chake mkobani, kilekile alichogongea vyeti 611 vya kuzaliwa, anakigonga. Alama nyekundu haionekani chini ya taa nyekundu. Wote wawili wanajua ipo.

"Nenda nyumbani," Katsumata anasema. Kisha anashika simu kuwapigia wenzake wa vituo viwili.

Alasiri ile Hisago Maru inarudi na lita mia mbili za maji ya kilindini, na hakuna anayeyahitaji. Nahodha Genzo anatukana kwa ufundi kwa robo saa. Suzue anajichotea ndoo mbili za kulowekea figili.

Alhamisi, kwa mara ya kwanza katika miezi kumi na mitano, wimbo wa saa moja unamkuta Fusae ndani ya nyumba. Nyumba yake ni ya saba kati ya kumi na moja za mtaa huo, na ukiacha yake ni mbili tu zinazotoa moshi. Anashusha sanduku toka juu ya kabati. Anaweka sweta mbili, picha ya mumewe, dawa za presha. Anakaa. Anatoa sweta moja. Anairudisha.

Mchana Suzue anakuja na figili zake na supu ya miso kwenye chupa ya joto. Anaona sanduku. Anakaa mezani na rafiki yake saa nzima, anamenya machungwa, hamuulizi kitu. Kwa Suzue kukaa saa nzima bila kuuliza kulitosha kuwashtua majirani wa nyumba zote mbili.

Akiwa anavaa viatu ndipo anasema, bila kugeuka, "Nilijua toka Desemba una kitu, dada. Ulikuwa unacheka kabla kichekesho hakijaisha."

Ijumaa saa nne asubuhi, mtu anabisha. Ni Katsumata, shingo imekaa upande.

"Mkunga, jana na leo hakuna aliyesoma joto la saa moja."

"Wewe una macho."

"Nilikuwa nimelala. Nimelala kule chini, kando ya tangi, siku mbili. Nimeamka hivi." Anajaribu kunyoosha shingo, anashindwa. "Nimeandika ripoti upya. Maji hayana kosa. Nyuzi kumi na saba, mkesha mmoja, zinaua. Hilo hakuna aliyekuwa analijua kwa rabuka. Nimeandika limejulikanaje, na nimeandika jina lako."

"La mwuaji."

"La mtunza daftari." Anatazama sanduku lililo wazi nyuma yake. "Nimekasirika bado, nisikudanganye. Nitakasirika labda mpaka maua ya Aprili. Lakini mimi sijui kukaa na mtu asiyezaliwa. Nakaa dakika kumi, nashika simu. Wewe unakaa saa nne. Sharti ni moja. Unasoma mara mbili, na ukikosea unaandika ulichokosea."

"Na nikikosea tena?"

"Utaandika tena. Karatasi zipo."

Fusae akavaa ndara. Katsumata alikuwa ameshatangulia nusu ya kichochoro, kichwa upande, kama anayesikiliza kitu chini ya lami.

Siku ya Mbwa iliyofuata, kina mama wa meza ya bati walishuka wote hadi nyumba ya samaki, Suzue mbele, kana kwamba wanasindikiza biarusi. Habari ilikuwa imeshaenea, mahali padogo hapana pa kuificha. Walikuja na maharagwe mekundu ya kupikia wali, na Nahodha Genzo alikuja na chupa, akisema haijalishi anazaliwa nani. Katsumata aliwapokea mlangoni na utepe wa kupimia. Alipima mita tatu kamili kutoka kwenye mashine, kupitia mlango, mpaka nje, akapigilia msumari ukutani. Mkanda mweupe wa pamba ukafungwa hapo.

Walipoondoka, kelele zao zilisikika mpaka kona ya posta. Kisha hazikusikika. Fusae akafunga mlango wa mpira, akabaki na taa nyekundu na yule mmoja.

Kama hesabu ni sahihi, rabuka huyo, ambaye Katsumata anasema ni wa kike, atatimiza miezi arobaini na miwili Septemba ya mwaka ujao. Atakuwa na sentimita hamsini na tano au zaidi kidogo. Fusae atakuwa anakaribia sitini na tisa. Atakapokuwa na nguvu, mpango ni Nahodha Genzo amrudishe kwenye kina cha mita mia tatu ndani ya ndoo yenye mfuniko unaojifungua. Maji ya kwenda nayo, Nahodha amesema, atachota bure.

"Nimesikia vilio 611," Fusae anasema. "Huyu hatalia. Nitajua kwa matamvua, yatakapoanza kufunguka bila kutegemea kiini cha yai. Nimekaa naye vya kutosha, nitajua."

Ameshanunua boksi la chaki. Anakusudia kushuka gatini siku hiyo na kuandika mahali palepale, chini ya kamba na kaa. Suzue amempa onyo moja tu: asiandike karibu na safu ya bei, maana yule mnunuzi wa samaki anayekuja toka mjini ana njaa na hajui kusoma vizuri.

Jumapili iliyopita Chinatsu alipiga simu kama kawaida.

"Mama, unakuja lini?"

"Kuna mtu mimba yake iko nusu. Siwezi kumwacha."

Fusae akamweleza yote, mkanda, mashine, kumi na saba, muhuri. Upande wa Nagoya treni ikasikika ikipita.

"Mkanda huo," Chinatsu akauliza, "ni ule wangu?"

"Ni ule wako."

Mlio wa treni ukaisha. "Septemba ya mwaka ujao, umesema? Basi usije. Nitaomba likizo, nije mimi. Nataka kuwepo."

Jumatatu asubuhi, chini ya taa nyekundu, Fusae alisoma kipimajoto mara mbili, akaandika 11. Kisha chini yake, kwenye safu ya joto, mahali pasipohusika kabisa, akaandika: Chinatsu, Septemba.

Katsumata ameliona. Hajaweka mistari miwili.